Uso Usio na Mwenyewe

Tarehe 5 Machi 1960, jiji la Havana lilikuwa msibani. Siku moja kabla, meli ya Kifaransa iliyoitwa La Coubre, ikiwa na shehena ya silaha kutoka Ubelgiji, ililipuka bandarini na kuua makumi ya watu, na serikali changa ya Cuba iliwakusanya wananchi wawaage marehemu na wamsikilize Fidel Castro. Miongoni mwa waliosimama chini ya jukwaa alikuwamo Alberto Korda, mpiga picha wa gazeti la Revolución, ambaye kabla ya mapinduzi alijipatia jina na riziki kwa kupiga picha za mitindo ya mavazi. Kwa sekunde chache Ernesto Che Guevara alisogea mbele ya jukwaa, akautazama umati, kisha akarudi nyuma. Korda aliwahi kupiga picha mbili tu. Gazeti halikuzitumia. Alirudi nazo studioni, akaikata moja pembezoni ili kuondoa sura ya mtu mwingine upande mmoja na majani ya mchikichi upande wa pili, akaitundika ukutani, na hapo ikakaa kwa miaka saba hivi bila kumshughulisha mtu.

Picha hiyo leo iko kwenye fulana, vikombe, viberiti vya gesi, mikoba na soksi. Mwaka 2002 ilikuwa kwenye vazi la kuogelea alilolitembeza jukwaani mwanamitindo Gisele Bündchen huko São Paulo, kana kwamba kazi ya Korda, baada ya kuzunguka dunia nzima, imeamua kurejea kwenye mitindo ilikotoka.

Kinaya kilichomo kimesemwa mara nyingi hadi kimepoteza makali. Mtu aliyekabidhiwa Benki ya Taifa ya Cuba mwishoni mwa mwaka 1959 na akawa anatia saini noti kwa jina lake la utani pekee, kama anayeifanyia fedha dhihaka. Mtu aliyeshikilia kwamba mfanyakazi wa jamii mpya asukumwe na dhamira kuliko mshahara. Mtu aliyeuacha uwaziri ili arudi msituni. Huyo ndiye ambaye ubepari alioupiga vita unamchapa, unamtundika kwenye henga na kumuuza. Wanaosema hivyo hawakosei, ila nadhani wanaishia mlangoni. Swali lenye uzito zaidi ni jinsi uso huo ulivyoingia sokoni, kwa maana ukiifuata njia uliyopita utakuta kwamba si mabepari walioufungua mlango.

Mwaka 1967 mchapishaji wa Kiitalia Giangiacomo Feltrinelli, mtu tajiri mwenye mapenzi na siasa za mrengo wa kushoto, alifika kwa Korda akitafuta picha nzuri ya Che. Korda alimpa nakala mbili na hakutaka malipo, kwa kuwa mgeni huyo alikuwa rafiki wa mapinduzi. Tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo Che aliuawa akiwa mateka katika kijiji cha La Higuera nchini Bolivia, na baada ya muda mfupi Feltrinelli akawa ameitoa picha ile kama bango. Mwaka 1968 msanii wa Ireland Jim Fitzpatrick aliichora upya kwa weusi mtupu juu ya wekundu, akafuta vivuli vyote vya kati, akayainua macho kidogo, kisha kwa makusudi akaiachia bila kudai hakimiliki ili yeyote atakaye aichape na kuisambaza. Nayo Cuba wakati huo haikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne unaolinda haki za watunzi. Ilijiunga mwaka 1997. Kwa hiyo kwa takriban miaka 30 uso uliotambulika kuliko karibu uso mwingine wowote duniani ulikuwa shamba la bibi. Aliyetaka alivuna, na hakuwapo wa kumuuliza.

Inafaa kuitazama kwa karibu kazi ya Fitzpatrick, kwa sababu ufundi wake ni sehemu ya maelezo. Picha ya kawaida ina ngazi nyingi za kijivu, na kuihamishia kwenye kitambaa bila kuiharibu ni kazi ya gharama. Picha yenye weusi na uwazi peke yake inahitaji fremu moja ya kuchapia na wino wa rangi moja. Ukitumia fulana nyekundu, hata rangi ya pili imekwishalipiwa na kitambaa. Kijana mwenye meza, fremu na kopo la wino anaweza kutoa fulana nyingi kwa siku moja, na kila moja itatambulika hata kama mkono wake umetetereka. Umbo hilo lilibuniwa ili wanafunzi na wafanyakazi wasio na fedha waweze kulichapa usiku na kulibandika ukutani kabla ya alfajiri, na sifa zilezile zilizomfaa mwanaharakati maskini ndizo zilizomfaa mfanyabiashara.

Hapo ndipo ninapokiona kinaya cha kweli. Kilichoiuza picha ya Che ni ukarimu wa kijamaa. Lau Korda angeishikilia kama mali yake, akidai mrabaha kwa kila nakala, pengine ingebaki kwenye kumbukumbu za magazeti pamoja na maelfu ya picha nyingine za miaka ile. Ilienea kwa sababu ilitolewa bure kwa jina la undugu, na soko halina mazoea ya kuuliza kitu cha bure kilitolewa kwa nia gani.

Mwaka 2000 Korda, wakati huo akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alichoka. Picha yake ilikuwa imetumika nchini Uingereza katika tangazo la pombe ya Smirnoff yenye ladha ya pilipili, likiwa na nembo ya kikomunisti ya nyundo na mundu ambamo mundu ulikuwa umegeuzwa pilipili. (Chapa hiyo ilianzia kwa familia ya Kirusi iliyopoteza kiwanda chake baada ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, kushika madaraka, hivyo nyundo na mundu kwenye tangazo lake ni mzaha ambao mtu anaweza kukaa nao jioni nzima.) Korda alieleza kwamba hakuwa na kinyongo na wanaoinakili picha hiyo ili kuendeleza kumbukumbu ya Che na haki ya kijamii, ila hakubali itumike kuuza ulevi. Shauri lake lilimalizika kwa mapatano nje ya mahakama ya London, akalipwa takriban dola 50,000, na fedha zote akazitoa zinunue dawa za watoto wa Cuba. Alifariki mwaka uliofuata.

Kisa hicho hupendwa na wapinzani wa biashara hii, na ni rahisi kuona kwa nini. Hata hivyo kina upande ambao hawaugusi sana. Ili kumkinga Che dhidi ya soko, Korda alilazimika kusimama mbele ya sheria kama mwenye mali. Hakuweza kusema mahakamani kwamba picha ni ya watu wote na kwa hiyo muuza pombe hana haki nayo. Ilimbidi aseme picha ni yangu. Fitzpatrick naye, miaka mingi baadaye, alitangaza nia ya kuidai hakimiliki aliyoiachia ujanani, akiwa amekerwa na matumizi ya hovyo. Wote wawili walikuwa wakweli na sikusudii kuwacheka. Ninachosema ni kwamba uwanja umepangwa kwa namna ambayo anayekataa kumiliki hunyang'anywa, na anayetaka kuzuia kunyang'anywa sharti kwanza akubali kumiliki.

Wanaotetea biashara ya nyuso za wanamapinduzi wana hoja zao, na baadhi ni nzito kuliko zinavyochukuliwa.

Hoja nyepesi ni ile ya udadisi: kwamba kijana huvaa fulana bila kujua, rafiki akamuuliza ni nani huyo, naye akaona haya na kwenda kusoma. Hutokea, sikatai. Lakini mtu hawezi kujenga utetezi juu ya bahati ya namna hiyo, na wengi huvaa fulana ile hadi ikapauka bila kuulizwa na yeyote.

Hoja nzito ni kwamba mapinduzi yenyewe hayajawahi kuwa na mikono safi katika jambo hili. China ya Mapinduzi ya Utamaduni ilitengeneza mabilioni ya beji za Mao, kwa wingi uliomfanya Mao mwenyewe kulalamika kwamba alumini inayohitajika kwingine inaishia vifuani mwa watu, na leo beji hizo ni bidhaa ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Lenin aliandika mwaka 1917 kwamba wanamapinduzi wakubwa huandamwa na watawala wangali hai na hugeuzwa sanamu zisizo na madhara wakishakufa; alipofariki mwaka 1924 wenzake walimkausha na kumweka kwenye jumba la mawe jijini Moscow, ambako watu wamepanga foleni kumtazama kwa miongo mingi. Waliofanya hivyo walikuwa wafuasi wake waaminifu, wala hakuna kampuni ya matangazo iliyowashauri.

Cuba nayo, baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti na utalii kuwa tegemeo la fedha za kigeni, imeuza uso wa Che katika maduka ya zawadi bila kuona haya. Iko noti yake ya peso tatu, yenye wekundu, ambayo watalii huuziwa kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake, maana kwao ni kumbukumbu na si fedha. Msomaji wa Kiswahili ataona katika noti hiyo utani ambao walioichapa huenda hawakuukusudia. Mwaka 1965 Che alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa mashariki mwa Kongo, na Wacuba aliokwenda nao walipewa majina ya siri kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu. Aliondoka Kongo mwezi Novemba mwaka huohuo mikono mitupu, akajificha katika ubalozi wa Cuba jijini Dar es Salaam, na huko akaandika bila kujisitiri kwamba yale aliyokuwa akiyasimulia ni habari za kushindwa.

Ninamtaja Tatu kwa sababu ndiye asiyeweza kuchapwa kwenye fulana. Mtu mgonjwa wa pumu, aliyekohoa milimani kwa miezi saba, akagombana na makamanda wasiofika mstari wa mbele na akakiri makosa yake kwa maandishi, ana manufaa makubwa kwa yeyote anayetaka kujifunza namna mapinduzi yanavyokwama. Lakini sura yake haina weusi na wekundu mtupu; ina vivuli vya kati, na hivyo ndivyo vilivyofutwa. Vivyo hivyo amefutwa Che wa ngome ya La Cabaña, aliyesimamia mwaka 1959 hukumu zilizowapeleka makumi ya watu mbele ya kikosi cha kupiga risasi. Kwa familia za waliouawa, fulana ile si kosa la kumdhalilisha mwanamapinduzi hata kidogo. Kosa lake ni kumtakasa.

Jambo hilo lilijitokeza vizuri mwezi Januari 2012, kampuni ya Mercedes-Benz ilipoonyesha jijini Las Vegas picha ya Che ambayo nyota ya kwenye bereti yake ilikuwa imebadilishwa ikawa nembo ya gari. Kampuni iliomba radhi, lakini malalamiko yaliyoisukuma yalitoka hasa kwa Wamarekani wenye asili ya Cuba waliomwona Che kama muuaji. Wafuasi wake, ambao nyota yao ndiyo iliyoondolewa, hawakuwa na uzito sokoni, kwa kuwa si wengi kati yao wanunuao magari hayo. Ukiyatazama makundi haya mawili yanayochukiana utaona kwamba yana lalamiko moja, nalo ni kuwa fulana haisemi lolote juu ya mtu yule. Na pengine hiyo ndiyo sababu inauzika. Kitu kinachosema jambo mahususi kina wateja wachache.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kitambaa hakiwezi kubeba siasa ya kweli. Nchini Afrika Kusini, kwa muda wote Nelson Mandela alipokuwa gerezani, kuchapisha picha yake au maneno yake kulikuwa marufuku, na katika miaka ya 1980, chini ya amri za hali ya hatari, fulana ya jumuiya iliyokatazwa ilitosha kumfikisha mvaaji mikononi mwa polisi. Wakati ule fulana ilikuwa tendo. Ilichapwa kwa siri, ikavaliwa chini ya shati, ikafunuliwa mazishini na kufunikwa tena njiani kurudi nyumbani. Baadaye namba ya Mandela ya gerezani, 46664, yaani mfungwa wa 466 wa mwaka 1964, iligeuzwa jina la kampeni ya hisani, na mwaka 2011 ikawa chapa ya mavazi ambayo sehemu ya mapato yake ilielekezwa kwenye kazi za hisani zinazobeba jina lake. Mtu anaweza kukunja uso kwa kuona namba ya mfungwa kwenye kola ya shati, lakini mwenye namba alikuwa hai, jambo lilifanyika chini ya taasisi yake, na mapato yalikuwa na pa kwenda. Sioni haki ya kuliweka katika kapu moja na tangazo la pombe. Wakati huohuo sioni pia haki ya kumsifu mvaaji wa sasa kwa ushujaa wa mvaaji wa zamani. Uso ni uleule na kitambaa huenda ni kilekile, ila aliyevaa mwaka 1986 alikuwa na cha kupoteza.

Kuna pia suala la bei, ambalo wakosoaji wengi hulichukulia kinyume. Mwaka 2009 kampuni ya Montblanc ilitoa kalamu za dhahabu za kumuenzi Mahatma Gandhi, 241 kwa idadi ili zilingane na maili za matembezi yake ya kupinga kodi ya chumvi ya mwaka 1930, kila moja ikiuzwa kwa zaidi ya dola 20,000. Shauri lilipelekwa mahakamani katika jimbo la Kerala, na mwaka uliofuata mauzo yakasimamishwa nchini India. Wengi huiona fulana ya bei rahisi kuwa tusi kubwa zaidi kwa kuwa imeenea kila mahali. Mimi naona fulana ina heshima fulani iliyokosekana kwenye kalamu ile: inanunulika na watu ambao mwanamapinduzi alidai kuwapigania. Kalamu ilimchukua mtu aliyejivika kitambaa cha kusokotwa kwa mkono, ikamkabidhi kwa watu 241.

Na kitambaa hicho cha Gandhi ndicho kinachonifanya nifikiri kwamba mabishano yote haya yanatazama upande usiofaa wa vazi. Gandhi hakuvaa uso wa mtu. Alivaa uzi uliosokotwa India ili Waingereza wasiuze cha viwanda vyao. Thomas Sankara, rais mwanamapinduzi wa Burkina Faso, alifanya vivyo hivyo alipowataka watumishi wa serikali wavae faso dan fani, kitambaa cha pamba ya nchini kilichofumwa na wafumaji wa nchini. Mwezi Julai 1987, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa, aliwaeleza viongozi wenzake kwamba yeye na ujumbe wake wamevaa pamba iliyolimwa, kufumwa na kushonwa Burkina Faso, na kwamba hapakuwa na uzi mmoja uliotoka Ulaya au Marekani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Oktoba, aliuawa.

Kwa Sankara, siasa ya nguo ilikuwa katika shamba, uzi na mshono, mambo ambayo mtu akipita barabarani hayaoni. Mwaka 2003 Burkina Faso, pamoja na Benin, Mali na Chad, zilipeleka malalamiko yao katika Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku wanazolipwa wakulima matajiri wa pamba, hasa Marekani, zinashusha bei na kuwafukarisha wakulima wao. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya kushona nguo nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Haya ndiyo masuala ya pamba na mshono ya wakati wetu, na hakuna hata moja linalobadilika kwa kuchagua uso wa kuchapa kifuani, uwe wa Che, wa Sankara au wa mchezaji wa mpira.

Sankara naye sasa yuko kwenye fulana. Bereti nyekundu, ndevu changa, macho yanayocheka. Umbo linalochapika vizuri kwa rangi mbili. Sehemu kubwa ya pamba ya Afrika Magharibi bado inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba pamba iliyolimwa na mkulima wa Burkina Faso imevuka bahari, ikafumwa na kushonwa ughaibuni, ikarudi kuuzwa ikiwa na uso wa mtu aliyekataza jambo hilohilo. Mnunuzi hawezi kujua. Lebo ya ndani ya kola humtajia nchi fulana iliposhonwa, na huishia hapo.